Hariri kabla ya mkasi: jinsi ya kuifua, kuikausha na kuipiga pasi ukiwa bado hujaanza kushona

Blauzi ya kwanza niliyoishona kwa krepu ya hariri, kitambaa chenye vijikunyanzi vidogo, ilinikaa vizuri siku moja tu. Nilipoifua, mikono iliyokuwa ikifika kwenye kifundo ilipanda sentimita nne, na bitana, ambayo haikurudi, yaani haikupungua, hata kidogo, ikawa inachungulia chini ya pindo kama shimizi. Mishono yote ilikuwa sawa. Kosa nililitenda kabla ya kuketi kwenye cherehani: nilikata kitambaa vilevile kilivyotoka dukani, bila kukionjesha maji.

Tangu hapo nikinunua hariri huwa najiuliza jambo moja kabla ya lolote: nguo hii ikichafuka, itafuliwaje? Namna nguo itakavyofuliwa baadaye ndiyo namna ya kukifua kitambaa sasa, kikiwa kizima. Kama itafuliwa kwa mkono nyumbani, fua kitambaa kwa mkono. Kama nguo ni ya kupelekwa kwa drai-klina maisha yake yote, usikitie maji; kipitishe kwenye mvuke wa pasi, kiache kipoe, endelea na kazi. Mimi hupendelea nguo inayofulika nyumbani, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya maji, sabuni na subira.

Ijue hariri uliyonayo

Hariri ni protini. Kiwavi hutoa nyuzi mbili nyembamba sana za protini iitwayo fibroini, huku zikiwa zimefunikwa na gundi iitwayo serisini, akajizungushia mpaka akafichika ndani ya kifuko. Uzi unaofunguliwa kwenye kifuko kimoja unaweza kufika mita 900. Kiwandani gundi hiyo huchemshwa kwa sabuni mpaka itoke, na hariri hupoteza karibu robo ya uzito wake. Kinachobaki ndicho kile kitambaa laini chenye mng'ao. Unyuzi wa hariri ukitazamwa kwa hadubini una umbo la pembetatu yenye pembe butu, na pande zake ndizo zinazorudisha mwanga. Ukizikwaruza pande hizo, mng'ao unaondoka.

Nywele za kichwani nazo ni protini. Ukiichukulia hariri kama nywele, mengi yatakuwa wazi bila kuambiwa: huwezi kuosha nywele kwa sabuni kali ya unga, huwezi kuzimwagia dawa ya klorini, na shampuu ndiyo rafiki yake. Kumbuka pia kwamba hariri ikilowa hulegea na kupoteza sehemu ya nguvu zake, kwa hiyo kitambaa kinachohimili kuvutwa kikiwa kikavu kinaweza kuchanika au kupinda kikivutwa kikiwa na maji.

Hakikisha pia kwamba ulichonunua ni hariri kweli. Satini ni jina la ufumaji, si jina la uzi. Kuna satini ya hariri na kuna satini ya poliesta, na kwenye rafu zinafanana. Chomoa nyuzi tatu au nne pembeni mwa kitambaa, zishike kwa kibanio juu ya sahani, uziwashe. Hariri huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, na hubakiza jivu jeusi linalosagika kati ya vidole. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Viskosi, uzi wa kiwandani unaotokana na miti, hunuka karatasi. Fanya hivi mbali na kitambaa chenyewe, na maji yawe karibu.

Zile za kuachwa bila maji

Mahameli ya hariri usiifue. Manyoya yake yakilala hayaamki tena. Kitambaa chenye zari, chenye michoro iliyopakwa juu, au chenye mikunjo iliyobanwa kiwandani, nacho kiache kikavu. Tafeta hupoteza ule ukakamavu wake na hupata mikunjo isiyonyooka vizuri. Hariri kuukuu, hasa ile inayotoa sauti ya kukatika ukiikunja, isiguswe na maji kabisa.

Dupioni, ile yenye vinundu vya uzi, ni suala la uamuzi. Ikifuliwa hulainika na mng'ao wake hupungua. Kuna wanaohuzunika wakiona hivyo. Mimi kwa nguo ya kila siku naipenda zaidi ikiwa imefuliwa, kwa sababu inalala mwilini badala ya kusimama kama boksi. Usiamue kwa kukisia. Kipande cha majaribio kitakuonyesha.

Kipande cha majaribio

Kata kwenye kona kipande cha sentimita 10 kwa 10. Kabla ya kukifua, kilaze kwenye karatasi nyeupe na uchore mipaka yake kwa penseli, na weka mshale kuonyesha upande wa mtande, yaani nyuzi zinazokwenda na urefu wa kitambaa. Sasa kifue vilevile utakavyofua kitambaa chote: maji yaleyale, sabuni ileile, pasi ileile. Kikikauka, kirudishe juu ya mchoro.

Uzuri wa sentimita 10 ni kwamba hesabu inakuwa rahisi: kila milimita iliyopungua ni asilimia moja. Kipande kikirudi milimita saba upande wa mtande, ujue mita tatu ulizonunua zitapungua karibu sentimita 21. Krepu na jojeti, ambayo ni krepu nyepesi inayopenyeza mwanga, ndizo zinazorudi zaidi, kwa sababu uzi wake umesokotwa sana na maji huufanya ujikunje. Shifoni nayo haitabiriki. Hariri nyembamba ya bitana na satini hurudi kidogo. Ndiyo maana ninaponunua krepu huongeza sehemu moja ya kumi ya urefu ninaouhitaji, hata kama mchoro wa nguo hausemi hivyo.

Kipande hichohicho kipime rangi. Kikiwa kimelowa, kilaze juu ya kitambaa cheupe cha pamba, funika kwa kingine, bonyeza kwa kiganja dakika mbili. Rangi nzito kama nyekundu, buluu ya giza na nyeusi mara nyingi huchuja mwanzoni. Ikichuja kidogo halafu ikaacha, hakuna shida. Fua kitambaa peke yake. Ikichuja bila kukoma hata baada ya suuza tatu, usiipangie kola nyeupe. Na usitegemee siki wala chumvi kuifunga rangi hiyo. Siki haina uwezo wa kuokoa rangi iliyotiwa vibaya, na chumvi si rafiki wa hariri. Angalia tu chumvi ya jasho inavyoidhoofisha kwapani.

Kabla ya beseni

Pima urefu na upana wa kitambaa, uandike. Kisha zuia ncha mbili zilizokatwa zisifumuke: pitisha zigizaga kwa cherehani au ovaloku. Kwa shifoni, ambayo cherehani huitafuna, piga bandi kwa mkono kwa uzi mwembamba. Dakika kumi hizi usiziruke. Hariri isiyozuiwa hutoka kwenye maji na mashungi ya nyuzi yaliyojifunga, na ukijaribu kuyachambua unavuta mtande wote upinde.

Vua pete na bangili. Pitisha kiganja ndani ya beseni kutafuta mkwaruzo au kipande cha plastiki kilichochomoza. Kucha iliyokatika ina uwezo wa kunasa uzi mmoja na kuacha mstari mrefu unaoonekana kitambaa kizima, na mstari huo haufutiki.

Kuhusu sabuni: tafuta sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya hariri na sufu, au shampuu ya kawaida ya watoto isiyo na vilainishi. Sabuni ya unga ya kufulia ina magadi mengi mno, na nyingi zina vimeng'enya vya kumeng'enya protini. Vimewekwa humo ili kula madoa ya damu na maziwa, lakini haviwezi kutofautisha doa la maziwa na hariri yako. Dawa za kung'arisha zenye klorini ndizo mbaya kuliko zote. Hazipaushi hariri tu, huiyeyusha, na maabara za nguo hutumia kemikali hiyohiyo kuondoa nyuzi za protini pale wanapotaka kujua kitambaa kimechanganywa na nini.

Kufua

Jaza beseni maji yasiyozidi nyuzi 30 za Selsiasi. Usipokuwa na kipimajoto, tumbukiza kifundo cha mkono: damu yako ina nyuzi 37, kwa hiyo maji sahihi yatakuonyesha ubaridi kidogo. Ukiyahisi ni ya moto, yamezidi. Maji ya suuza nayo yawe na joto hilohilo, maana kuitoa hariri kwenye maji ya vuguvugu na kuitia kwenye ya baridi kali kwa ghafla huikunja.

Tia sabuni kijiko kimoja cha chai kwa kila lita nne, koroga mpaka itawanyike, ndipo uingize kitambaa. Usimwage sabuni juu ya kitambaa kwa sababu huacha doa pale ilipoangukia. Kiingize kikiwa kimekunjwa kwa ulegevu kama akodioni, si kukirundika, halafu kibonyeze chini kwa viganja vilivyonyooka mpaka mapovu ya hewa yatoke na kitambaa chote kiwe kizito.

Sasa kisogeze. Kiinue, kishushe, kipitishe kushoto na kulia, kama vile unavyopepea kitu ndani ya maji. Hapa ndipo mikono iliyozoea kufua inapotusaliti, kwa sababu mazoea yetu ni kufikicha. Nimewahi kuona satini ya kijani iliyofikichwa sehemu moja tu, mahali pa doa dogo: ilipokauka palikuwa na kivuli cheupe kama vumbi la chaki, ukubwa wa kidole gumba. Si vumbi. Ni nyuzi za juu zilizopasuka na kuwa vijinywele vidogo sana vinavyotawanya mwanga. Hakuna sabuni wala siki ya kuvirudisha mahali pake. Pakiwa na doa, libonyeze tu kwa ncha za vidole na sabuni iliyokwisha changanywa na maji, kisha liache.

Dakika tatu mpaka tano zinatosha. Hariri mpya haina uchafu wa kuloweka usiku kucha. Kinachotoka ni dawa za kiwandani, wanga na rangi ya ziada, na kuiacha ndani kunairudishia rangi hiyohiyo kwa mabaka. Rangi ikitoka nyingi, badilisha maji mara moja.

Suuza, na siki ya mwisho

Toa kitambaa kwa mikono miwili ukikibeba kwa chini, kisining'inie kwa uzito wake. Suuza mara mbili au tatu mpaka maji yasiwe na povu. Suuza ya mwisho tia siki nyeupe, vijiko viwili vikubwa kwa lita nne, kiache dakika mbili, kisha kipitishe kwenye maji matupu.

Siki inafanya kazi mbili. Inamaliza mabaki ya magadi ya sabuni, hasa pale maji yana chokaa nyingi, na inarudisha uhai wa kitambaa. Hariri iliyopitia asidi hafifu ikikauka, ikamate kwenye ngumi na uisugue taratibu kitambaa kwa kitambaa: utasikia mchakacho mdogo, mkavu, ambao hariri isiyo na siki huenda isiutoe. Mafundi wa zamani waliutumia mchakacho huo kuisifu hariri yao, na mimi hadi leo huufurahia kila ninapousikia. Harufu ya siki usiiogope, huondoka yote kitambaa kikikauka.

Vilainisho vya nguo vya dukani sivitumii. Hupaka mafuta juu ya nyuzi, na mafuta hayo hutokea baadaye kama mabaka pasi ikipita.

Kukausha

Usikamue. Tandaza taulo safi jeupe, au lenye rangi isiyochuja, laza hariri juu yake, uviringishe vyote viwili pamoja kama mkeka, bonyeza kuanzia ncha moja hadi nyingine. Kitambaa kirefu kitahitaji mataulo mawili au matatu. Ukikunjua, hariri iwe imelowa lakini haitoni.

Anika kivulini, penye hewa. Jua humfikia kila mtu kwa wema wake, lakini kwa hariri lina madhara: miale yake huvunja protini, nyeupe huwa ya njano na yenye rangi hupauka, na kwenye mikunjo kitambaa hudhoofika. Tumia fimbo nene au bomba lililofunikwa kwa taulo badala ya kamba nyembamba, na usitumie vibanio. Hakikisha mtande unakwenda wima na kingo mbili za kitambaa zimelingana, kwa sababu hariri hukauka ikiwa na umbo ulilolianika nalo. Krepu mimi huilaza kabisa juu ya shuka, maana ikining'inizwa uzito wa maji huivuta, halafu ikifuliwa mara ya pili inarudi tena.

Ukikuta kingo za pembeni zimejivuta na katikati pametuna, usishtuke. Ukingo hufumwa kwa kukazwa zaidi. Uchanje kwa mkasi, vipasuo vidogo vya mshazari kila baada ya sentimita chache, na kitambaa kitalala.

Pasi

Wakati mzuri wa pasi ni kitambaa kikiwa bado na unyevu kidogo, kama shavu lililonawa. Weka pasi kwenye alama ya hariri, au nukta mbili, ambayo kwa kawaida ni karibu nyuzi 150. Piga upande wa nyuma, na kati ya pasi na hariri weka kitambaa chembamba cha pamba kilichofuliwa. Fuata mtande. Bonyeza, inua, sogeza. Ukiiburuta pasi kwa mshazari unaivuta hariri iende upande, na kipande utakachokikata hapo kitajirudi kikishashonwa.

Kama kimeshakauka kabisa, usinyunyize maji juu yake. Matone huacha alama zenye mzingo kwenye satini na tafeta. Kilowanishe chote tena kwa usawa, au kiviringishe ndani ya taulo lenye unyevu kwa nusu saa. Pasi ya mvuke inayodondosha maji ni hatari hiyohiyo, kwa hiyo ijaribu juu ya kitambaa kingine kwanza. Alama ya tone ikishatokea, dawa ni kukifua kitambaa chote upya.

Baada ya pasi pima tena urefu na upana. Linganisha na vile vipimo vya mwanzo. Krepu na jojeti huzifua mara ya pili kabla sijaziamini, na kama mara ya pili hazikupungua, ndipo naleta mkasi.

Wenzake na hariri

Kuna kosa la pili, na hilo husahaulika zaidi, nalo ni kusahau vinavyoshonwa pamoja na hariri: bitana, utepe, kitambaa kigumu cha kukazia kola, hata kamba ya kufungia, vyote vifuliwe kwa njia ileile. Hariri iliyokwisha kurudi ikishonwa na bitana ambayo haijarudi, shida inageuka upande tu.

Mpaka siku ya kukata

Acha kitambaa kipumzike usiku mmoja kikiwa bapa. Kama hutakata karibuni, kiviringishe kwenye bomba la karatasi ngumu ulilolifunika kwa pamba nyeupe iliyofuliwa, na kifunike kwa pamba pia. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, gazeti huacha wino, na kukunja mahali palepale kwa miezi hukata nyuzi kwenye mkunjo. Kiweke gizani na kiwe safi, kwa sababu mabuu ya nondo wa nguo hupenda hariri, na huipenda zaidi ikiwa na jasho au mafuta ya mikono.

Mezani, tandaza karatasi nyembamba chini ya kitambaa kinachoteleza, na ukate karatasi na hariri pamoja. Shifoni ikikushinda kabisa, loweka kitambaa kilichokwisha fuliwa kwenye maji yaliyoyeyushwa jelatini isiyo na rangi wala ladha, kijiko cha chai kwa lita, ukianikie kikiwa kimenyooka. Kitakuwa kigumu kama karatasi. Kata, shona, halafu jelatini ifue itoke. Hili pia lijaribu kwanza kwenye kipande. Pini ziwe nyembamba na zichomwe ndani ya sehemu ya mshono peke yake. Sindano iwe mpya, namba 60 au 70, maana sindano butu huivuta hariri badala ya kuitoboa.

Kile kipande cha sentimita 10 usikitupe. Kibandike kwa pini kwenye karatasi yenye mchoro wake, uandike joto la maji, sabuni uliyotumia, milimita zilizopungua na namba ya pasi. Ukimshonea mtu mwingine, mpe nakala pamoja na nguo, ajue cha kufanya siku atakapomwagikiwa chai.